Voopoo Drag X na koili ya omu 0.15: betri moja haiiwezi

Ndani ya boksi la Drag X, sigara ya kielektroniki ya kampuni ya Voopoo, mna koili mbili (vipashio vinavyogeuza juisi, kimiminika chenye nikotini, kuwa mvuke): PnP-VM1 ya omu 0.3 na PnP-VM6 ya omu 0.15, omu ikiwa kipimo cha ukinzani wa umeme. Betri hamna. Wanunuzi wengi wa Nairobi hutia ile ya 0.15 kwanza, maana ndiyo yenye mvuke mzito, kisha humwomba mwenye duka awape betri yoyote ya saizi ya 18650 (upana milimita 18, urefu 65) iliyo karibu. Wiki mbili baadaye kifaa kinarudishwa dukani: kinazima ovyo, kinachemka mkononi, eti ni feki. Mara nyingi kifaa hakina kosa lolote.

Hukumu tuitoe mapema ili asiye na muda aondoke nayo. Drag X ni kifaa kizuri. Ikiwa na koili ya 0.3 ni kizuri sana. Koili ya 0.2, ambayo haimo ndani ya boksi, inakubalika kwa sharti la betri yenye nguvu. Ile ya 0.15 iache ndani ya boksi, na sababu yake si ile inayotajwa kaunta, eti omu ndogo inakula betri.

Kilitoka mwaka 2020. Mwili wa chuma una ngozi mgongoni, skrini ndogo ya rangi, wati 5 hadi 80, podi (kitangi cha juisi) ya mililita 4.5 inayoshikwa kwa sumaku, tundu la chaja la USB-C, na kipete cha kuongeza au kupunguza hewa. Chipu, yaani saketi inayodhibiti umeme, inakubali koili kuanzia omu 0.1 hadi 3.0. Kina modi mbili: moja inaitambua koili na kukuwekea mipaka ya wati, nyingine inakuachia uamuzi wote. Anayeanza asitoke kwenye hiyo ya kwanza. Kuhusu umbo hatuna la kuongeza, kinakaa vizuri kiganjani na kitufe hakilegei upesi.

Sasa kiini cha mambo. Kwenye vile vifaa vya zamani visivyo na chipu, koili inaunganishwa moja kwa moja na betri, kwa hiyo omu ndizo zinazoamua kila kitu. Betri iliyojaa ina volti 4.2, gawanya kwa 0.15 upate ampea 28. Ukiweka koili ya 0.3 ampea zinashuka hadi 14. Kutoka huko ndiko kulikozaliwa ule usemi kwamba koili ya omu ndogo "inakula betri". Usemi huo ulikuwa wa kweli kwa vifaa hivyo, watu wakaubeba ulivyo hadi kwenye vifaa vyenye chipu, ambako haufanyi kazi.

Kwenye Drag X na wenzake, betri haiioni koili. Inaiona chipu. Chipu inaagizwa wati fulani, inapima omu za koili, inatafuta volti zinazohitajika, kisha inaidai betri umeme wa kutosha kutoa wati hizo pamoja na kiasi kidogo kinachopotea njiani kama joto, tuseme asilimia 10. Kwa hiyo kinachoisumbua betri ni wati ulizoweka kwenye skrini. Koili ya 0.3 na koili ya 0.15, zote zikiwekwa wati 36, zinaivuta betri sawasawa: karibu ampea 12 betri ikiwa kwenye volti 3.4. Ampea zinazopita kwenye koili zenyewe ndizo hutofautiana, 11 kwa ile ya kwanza na 15.5 kwa ya pili, lakini hizo zinapita upande wa pili wa chipu.

Kama ni hivyo, kwa nini tunaikataa 0.15? Kwa sababu ya eneo la wavu wake, yaani wavu wa chuma unaopata moto ndani ya koili. VM6 ni koili ya wavu mpana uliotengenezwa kwa wati 60 hadi 80. Ukiipa wati 36 wavu haupati moto wa kutosha, juisi inatuama, inabwabwaja kama chungu kinachoanza kuchemka, na matone ya moto yanakurukia ulimini. Ili itoe ladha nzuri inataka 65 au 70. Na wati 70 kutoka kwenye betri moja ni ampea 23 chaji ikiwa katikati. Ukisukuma hadi 80 na chaji inakaribia kuisha, volti zimeshuka hadi 3.2, hesabu inafika ampea karibu 28. Angalia mwelekeo wa mambo: kadiri betri inavyochoka ndivyo chipu inavyoidai zaidi, kwa sababu wati ni zilezile na volti zimepungua. Kwenye kifaa kisicho na chipu mvuke ungefifia na ungejua betri imechoka. Hapa mvuke unabaki vilevile hadi dakika ya mwisho, na betri ndiyo inayobeba adhabu.

Kuna hesabu fupi ya kufanya kichwani ukiwa dukani. Chukua ampea za kweli za betri, zidisha kwa 2.9. Hizo ndizo wati za juu unazoweza kuitaka betri moja bila kuionea, hata chaji ikiwa chini. Betri ya ampea 15 inakupa wati 43. Ya 20 inakupa 58. Ya 25 inakupa 72. Kifaa cha betri mbili unazidisha mara mbili. Drag X imeandikwa 80 lakini betri ya 18650 yenye uwezo wa kuzitoa hizo 80 kwa raha mfululizo ni adimu, na ukiipata utalipia kwa kupungua kwa chaji.

Betri zenyewe. Samsung 25R ina mAh 2500 (kipimo cha ujazo wa chaji) na ampea 20, ndiyo ya kawaida na inatosha kwa koili za 0.3 na 0.2. Samsung 30Q ina mAh 3000 lakini ampea 15, kwa hiyo inadumu zaidi ukiwa wati 36 na haifai kupita 43. Molicel P26A ina mAh 2600. Kiwanda kimeandika ampea 35, wapimaji wa kujitegemea huipa 25, na sisi tunawafuata wapimaji. Ifahamike pia kwamba viwanda vyenyewe vinasema seli hizi zimekusudiwa kufungwa ndani ya pakiti zenye ulinzi, si kuuzwa mojamoja na kutiwa mfukoni. Usalama wa seli moja uko mikononi mwa mwenye kuibeba.

Kisha kuna zile za kwenye meza za Luthuli Avenue na vichochoro vyake: zambarau au nyekundu, zimeandikwa mAh 6800, mAh 9800, "boss, hii ni orijino". Hakuna 18650 ya mAh 9800 duniani. Za kweli zenye ujazo mkubwa ziko kati ya mAh 3500 na 4000, na hizo za ujazo mkubwa ndizo zenye ampea chache. Nyingi kati ya zile za rangi kali ni seli zilizotolewa kwenye betri za laptopu zilizokufa zikavishwa ngozi mpya. Seli ya laptopu iliundwa kutoa ampea 4 au 5. Chipu haijui hilo. Inapima volti tu, inaona 4.1, inaridhika, inaidai ampea 23. Seli inapata moto, gesi inajaa ndani, na ikibahatika itafungua tundu lake la kupumulia kabla ya kupasuka.

Kipimo cha haraka ni uzito. 18650 ya kweli ina gramu 44 hadi 48. Omba mizani ndogo kwa muuza viungo au sonara wa jirani. Ikisoma gramu 30, irudishe mezani ilikotoka. Gramu 45 hazithibitishi kuwa ni halali, maana seli ya laptopu nayo ni nzito, lakini 30 zinathibitisha kuwa si halali. Baada ya hapo kagua ngozi ya plastiki. Mwili mzima wa betri ni upande hasi, pamoja na bega linalozunguka kichwa cha upande chanya. Kinachotenganisha viwili hivyo ni ngozi nyembamba na kipete cha karatasi chini yake. Ngozi ikichanika begani, ncha ya juu ya kifaa ikigusa pale, ni shoti ambayo chipu haiwezi kuizuia kwa kuwa haipiti kwenye chipu. Ngozi mpya zinapatikana kwa mafundi wa betri za sola na tochi, unavisha na kuisinyaza kwa upepo wa moto wa blodraya ya saluni, sekunde kumi na tano hivi, usiiache hapo ikapata joto. Na betri ya akiba iwe na kikasha chake. Mfuko wenye sarafu za nauli na betri isiyo na kikasha ni moto unaosubiri kona ya kwanza ya matatu.

Ununue zenye kichwa bapa. Zile zenye kichwa cha kitufe na ulinzi ndani ni ndefu zaidi, zinakandamiza mfuniko, na ulinzi wake hukata umeme chini sana ya kiwango unachohitaji.

Kufunga koili ya PnP ni kazi ya dakika moja, na kuisubiri ni kazi ya dakika kumi. Hizo kumi ndizo watu wanazoruka. Chukua koili mpya, dondosha juisi kwenye yale matundu ya pembeni ambako pamba inaonekana, matone mawili kila tundu, na tone moja katikati kwenye wavu. Sukuma koili chini ya podi hadi isikike imekaa. Ikibaki hata upana wa ukucha nje, itavuja. Jaza podi kupitia kizibo cha mpira, acha nafasi kidogo ya hewa juu, funga. Vuta mara tatu au nne bila kubonyeza kitufe. Iache isimame dakika kumi. Baadaye anza chini ya kiwango: VM1 anza wati 28, vuta mara tano au sita fupi, panda mbilimbili hadi 36. VM5 ya omu 0.2 anza 38, ishie 45. Ukianza moja kwa moja na wati za juu, katikati ya pamba ambako juisi haijafika panaungua, na pamba ikishaungua haiponi. Ladha ile ya karatasi iliyochomwa itakaa nawe hadi utupe koili.

Jambo moja ambalo halizungumzwi vya kutosha ni uchafu kwenye miguso, pale koili na kifaa vinapogusana kupitisha umeme. Koili ya omu 1.0 ikiwa na uchafu wa omu 0.02 hakuna atakayejua. Ni asilimia 2. Koili ya 0.15 ikiwa na uchafu uleule, chipu inasoma 0.17, kosa la asilimia 13, na karibu asilimia 12 ya wati unazolipia inaishia kupasha moto mguso badala ya juisi. Ndiyo maana podi hupata joto chini na ladha inapungua ilhali skrini bado inasema 70. Podi inapotoka, utaona unyevunyevu umetanda kwenye zile pini mbili za dhahabu. Futa kwa pamba ya masikioni yenye spiriti kidogo kila unapojaza, au angalau kila asubuhi. Futa pia mkia wa koili. Koili za omu ndogo hazisamehi uvivu huu, 0.3 inasamehe kidogo.

Juisi. Koili hizi ni za kuvuta hadi mapafuni moja kwa moja, si za kuvuta mdomoni kwanza kama sigara, kwa hiyo mvuke wa kila pumzi ni mwingi na nikotini lazima iwe ndogo: miligramu 3 kwa mililita, 6 kwa aliyezoea. Maduka mengi ya Nairobi yamejaa juisi ya nikotini ya chumvi ya miligramu 30 na 50, iliyotengenezwa kwa podi ndogo za wati 12. Ukiitia kwenye wati 45 utapata kizunguzungu, jasho jembamba na kichefuchefu kabla hujamaliza pumzi ya nne. Soma lebo, usiamini rangi ya chupa. Mchanganyiko uwe wa gliserini asilimia 70. Ukiwa 50 kwa 50 ni mwepesi mno, unapenya wavu na kuvuja kwenye tundu la hewa. Lakini Julai, Nairobi ikipoa usiku hadi nyuzi kumi na kidogo, hiyo gliserini inakuwa nzito kama asali na pamba hainywi kwa kasi ya koili. Asubuhi kiweke kifaa mfuko wa ndani dakika chache kabla ya kukitumia na uache nafasi ya sekunde kumi na tano kati ya pumzi na pumzi. Betri nayo ikiwa baridi huanguka volti haraka zaidi inapodaiwa.

Gharama ya juisi ndiyo inayomaliza mjadala kwa wengi. Tangu mwisho wa Desemba 2024 ushuru wa juisi yenye nikotini ni shilingi 100 kwa mililita, kutoka 70. Podi moja ya Drag X iliyojaa inabeba shilingi 450 za ushuru pekee, kabla ya bei ya juisi yenyewe. Chupa ya mililita 60 ingebeba 6,000. Ukiuziwa chupa kama hiyo kwa bei ya chini ya hapo, unajua ni nini hakikulipwa. Wati 70 zinakunywa karibu mara mbili ya wati 36 kwa kila sekunde ya kubonyeza kitufe, na hakuna aliyeona mapafu yake yakifurahi mara mbili.

Chaji nayo iko hivyohivyo. Betri ya mAh 2500 ina nishati ya wati-saa 9. Ondoa upotevu wa chipu, gawanya kwa wati 70, unapata sekunde kama 415, yaani pumzi 138 za sekunde tatu, na hapo tumehesabu kwa ukarimu kwa sababu betri inayovutwa ampea 23 haitoi ujazo wake wote. Kwa wati 36 ni sekunde 810, pumzi 270. Anayetoka Rongai alfajiri na kurudi usiku atafika na chaji akiwa na 36. Akiwa na 70 atakuwa ameomba chaja ofisini saa sita mchana.

Kuhusu kuchaji: tundu la pembeni linafanya kazi, ampea 2, betri inajaa ndani ya saa mbili hivi, na adapta ya kawaida ya simu inatosha. Hata hivyo chaja ya nje ni bora, kwani unaona volti, unabadilisha betri mbili kwa zamu, na stima ikipotea kisha kurudi kwa kishindo, kinachoungua ni chaja. Usichaji ukiwa umelala.

Matatizo yanayorudishwa dukani mara kwa mara, kwa uzoefu wa kazi hii, yana sababu zilezile. Skrini ikisema betri iko chini ilhali alama ya chaji inaonyesha nusu, betri haiwezi mzigo: ikiwa imetulia ina volti 3.7, ukibonyeza inaanguka chini ya kiwango na chipu inakata. Shusha wati hadi 30. Ikiendelea bila kukata, tatizo ni betri na si kifaa. Skrini ikisema hakuna koili, toa podi, futa pini, sukuma koili ndani tena. Ikisema shoti kwenye koili mpya, kuna juisi chini ya podi inayounganisha pini. Ikisema shoti kwenye koili ya wiki tatu, itupe. Kubwabwaja ni wati chache au koili iliyolegea. Kuungua ni wati nyingi, pumzi za mfululizo, au juisi tamu sana. Zile za keki na kastadi zenye sukari bandia zinaivisha koili ya wavu lami nyeusi ndani ya siku tano, wakati juisi ya matunda isiyo tamu sana inaweza kuifikisha wiki mbili. Kifaa kuwa vuguvugu ni kawaida. Kikiwa cha moto kiasi cha kutokushikika, toa betri, iweke juu ya sakafu ya saruji mbali na kitanda, na usiirudishe tena.

Kwa hiyo nunua Drag X kama unataka kifaa cha mfukoni cha wati 30 hadi 45. Omba VM5 za akiba badala ya kuhangaika na VM6, kwa sababu omu 0.2 kwenye wati 45 inaidai betri ampea 15 tu na mvuke wake unamtosha mtu mzima yeyote (walio chini ya miaka 18 sheria hairuhusu kuwauzia, na duka linalowauzia si la kuingia). Anayetaka 0.15 kweli achukue kifaa cha betri mbili. Drag 3 ya Voopoo inabeba 18650 mbili, inafika wati 177, na kwa wati 70 kila betri inadaiwa ampea 11 au 12 tu. Ni nzito, inavimbisha mfuko wa suruali, na inatumia koili za TPP, kwa hiyo zile PnP ulizonazo haziingii. Njia ya kati ni Drag X Plus yenye nafasi ya betri ya 21700, saizi kubwa kuliko 18650. Molicel P42A ndani yake ina mAh 4200 na inabeba wati 70 bila kulalamika.

Ukiwa na betri mbili ndani ya kifaa kimoja, zinunue siku moja, ziwe aina moja, ziandike A na B kwa kalamu, zichaji pamoja, na kila unapozirudisha zibadilishane nafasi. Moja ikidondoka ikapata mbonyeo, zote mbili zinatoka.